Wateja wa Mare Herminia

Miagao, Iloilo
17 Januari 1994

Mare Herminia,

Si kawaida yangu kuanza barua na shida, unanijua, lakini leo nikianza na habari za mvua nitakuwa nakuzungusha. Mzee Uy wa mjini Iloilo amefunga duka. Hakufilisika. Wanawe wamehamia Kanada, wamekuja kumchukua, na alipokuja kuniaga alilia kunishinda mimi.

Tangu nianze kufuma nimemuuzia yeye tu. Kila jora lililotoka kwenye mitambo yangu lilikwenda kwake, naye akijua wa kumpelekea. Mimi sikuwahi kuuliza ni nani. Sasa sebule imejaa vitambaa vya hablon mpaka dirishani. Mume wangu Islaw analala amejibana ukutani kwa sababu upande wake wa kitanda una majora, na anasema tukipata mgeni itabidi tumfume naye tumkunje. Wanawake watatu wanaonifumia nimewaambia wapumzike wiki hii. Walifunga mitandio yao bila kuniuliza wiki hii inaishia lini.

Wewe uko Manila siku nyingi, unauza bima, unajua watu. Nitafutie mfanyabiashara mmoja kama Mzee Uy. Mmoja anatosha.

Binti yangu Ednalyn, aliyetufanya tuitane mare siku ulipomshika kwenye ubatizo, amekuwa mrefu kunipita. Bado anakula kama fundi wa barabara.

Mare wako,
Ludivina


Quezon City
2 Februari 1994

Mare wangu,

Nimeisoma barua yako kwenye foleni ya benki, na pale kwa Islaw na majora nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akanikazia macho. Halafu nikakukasirikia. Mmoja anatosha? Si huyo mmoja ndiye aliyekuponza?

Hebu nikuulize. Pale kwa masista tulimaliza darasa zima la wasichana. Ukiniondoa mimi, umewahi kumwandikia nani? Ester, yule aliyekuwa akiimba kwa puani, ana kumbi mbili za harusi. Lourdes ana kliniki ya meno, na mapazia yake nimeyaona, ni aibu. Puring, Purificacion Tansinco, yule aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango wakati wa michezo, ana hoteli Malate, ndogo lakini haikosi wageni. Na kila mmoja wao ana shemeji, ana jirani, ana padre wake anayetaka kitambaa cha altare. Wewe unatafuta mtu usiyemjua, na watu wanaokujua tangu una makovu ya magoti wamekaa tu, hakuna aliyewaambia kama unafuma.

Najua utasema ni aibu kumtokea mtu baada ya miaka yote hiyo na jora begani. Mare, hii ndiyo kazi yangu. Mimi simuuzii bima mtu nisiyemjua, huo ni mchezo wa vijana wanaogonga milango. Namuuzia niliyemshikia mtoto kanisani, niliyekesha naye msibani. Siku ya kwanza unamuuliza habari za watoto wake, na unasikiliza kweli, unayashika majina. Siku ya pili anakuuliza habari zako. Ya tatu anakuuliza mwenyewe unauza nini.

Niachie mimi. Nitumie vipande vya mfano, rangi zote. Oda zitapitia kwangu kwa sasa, maana wewe ukianza kuandika barua za biashara utaomba radhi mpaka mtu aone vibaya kununua.

Na unitumie picha ya Ednalyn. Nina ile ya kipaimara tu. Mama wa ubatizo asiye na picha ya mtoto wake ni mama gani?

Herminia


Miagao
20 Aprili 1994

Mare Herminia,

Sijui nikushukuru vipi. Mwezi wa pili sikuwa na mteja, na sasa Islaw amerudishiwa upande wake wa kitanda. Wanawake watatu wamerudi, wamekuja na wengine wawili, na Islaw anaunda mtambo mpya kwa mbao za boti la mjomba wake. Oda ya Puring ndiyo iliyotushtua. Mapazia ya hoteli nzima? Nilidhani umekosea kuandika.

Ulikuwa na haki kunifokea. Nilikuwa na watu na sikujua kama ninao. Nimekaa nikiwaza masista walivyokuwa wakitupanga mistari, mimi wa ufadhili nikisimama mwisho, na nikaamini kwamba wale wa mbele hawakuwahi hata kulijua jina langu. Kumbe wanalijua.

Tena wana moyo. Lourdes alipolipa aliweka kwenye bahasha rozari ya mbao kwa ajili ya Ednalyn. Ester ametuma maziwa ya unga, makopo sita. Puring ameandika nyuma ya risiti, kwa mwandiko ule ule wake mdogo kama mchwa: "Jipe moyo, Ludivina." Nikamwambia Islaw, watu wa Manila tunawasema vibaya bure.

Picha niliyokutumia usimwonyeshe mtu. Ni ile ya mwaka jana alipotoka kuugua kidingapopo, nywele zimemnyonyoka na mashavu yameingia ndani. Ednalyn alikataa kabisa isitumwe, anasema anaonekana kama mshumaa. Nikamwambia wewe ni mama yake, utamtambua hivyo hivyo. Nyingine hatuna.

Natamani kumwandikia Puring mwenyewe, nimshukuru. Nipe anwani yake.

Ludivina


Quezon City
6 Mei 1994

Mare,

Usimwandikie Puring. Nakuambia kwa wema. Yule tangu afiwe na mdogo wake Totoy amekuwa mtu wa kushikamana na watu, ukimpa kidole anataka mkono, na huna muda huo, una mitambo ya kusimamia. Shukrani nitampelekea mimi. Wateja ni kama wali jikoni, wakiwa na wapishi wawili wanaungua.

Ester anataka vitambaa vya meza vya harusi, rangi ya samli, na dada yake naye anataka. Naomba usichelewe.

Maziwa kunyweni. Mtu akitoa, pokea, usiulize sana.

Herminia


Miagao
11 Julai 1994

Mare Herminia,

Sasa tuna mitambo minane. Asubuhi nyumba inapiga kelele kama gati, na jirani zetu wameacha kulalamika kwa sababu binti yao naye anafuma kwangu. Jana nilinunua nyuzi bila kukopa. Nilisimama pale dukani na pesa mkononi, muuzaji akanipigia hesabu mara mbili, hakuamini.

Njoo kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu mwezi wa tisa. Njoo uone ulichokifanya. Ednalyn amechaguliwa kucheza mstari wa mbele kwenye maandamano, anafanya mazoezi barabarani mpaka kuku wanakimbia.

Kitu kimoja kimenishangaza. Puring amepata anwani yangu, sijui wapi, labda kwenye lebo za mizigo. Ameandika mistari michache tu. Anauliza kama Ednalyn anajizuia kula chumvi. Nimeisoma tena na tena. Chumvi? Nikamjibu kwamba anakula dagaa wakavu kila asubuhi, na ahsante kwa kuuliza. Hajajibu. Je, nimemkosea kitu?

Ludivina


Quezon City
25 Julai 1994

Mare,

Hukumkosea. Ni mpweke yule, ana presha, siku hizi anamhubiria kila mtu habari za chumvi, hata dereva wangu. Lakini nilikuomba usimwandikie.

Sikukuu sitaweza, mwezi wa tisa ndio tunafunga mahesabu ofisini. Mbusu Ednalyn.

Herminia


Miagao
24 Septemba 1994

Herminia,

Puring alikuja.

Alikuja siku yenyewe ya sikukuu, bila kutuarifu, kwa ndege mpaka Iloilo na kutoka hapo kwa basi dogo la jeepney, amebeba sanduku la dawa mapajani. Nyumba imejaa watu, mimi niko nyuma na masufuria, Islaw anakata nguruwe. Nikasikia mtu ananiita jina langu la shule. Nikamtambua kwa namna alivyosimama kando ya mlango. Nikamkumbatia na mikono yangu ya mafuta. Nilifurahi, Herminia. Niliwaambia wanawake, huyu ndiye wa mapazia, na wote wakaja kumshika mkono.

Akaninong'oneza, "Amelala chumba gani?"

"Nani?"

"Mtoto. Sitamchosha, nitamwona tu."

Nikadhani amechoka na safari. Nikamwambia Ednalyn yuko barabarani anacheza, atakuja sasa hivi, maana haponi na njaa. Puring akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Na kweli hata hatukumaliza, ndiye huyo ameingia, jasho linamtiririka, rangi ya ngoma imemchafua mpaka shingoni. Akanywa maji kwa kopo. Akachota ngozi ya nguruwe ya kukaanga, akaichovya kwenye siki na chumvi, akala amesimama. Akamsalimu mgeni kwa adabu.

Puring akamshika mkono, akaugeuza, akaanza kuutazama upande wa ndani, kwenye kiwiko. Kisha mkono wa pili. Ednalyn akacheka, akamwambia, "Mbu wa huku hawanipendi, shangazi."

Alikuwa anatafuta alama za sindano.

Akakaa kwenye jora la kitambaa, la Ester, lile la rangi ya samli. Akaomba maji, akapewa, hakuyanywa. Nikawatoa watu wote mle chumbani. Ndipo akaniambia. Kwamba Ednalyn wetu ana figo mbovu zote mbili. Kwamba anasafishwa damu kwa mashine mjini mara mbili kwa wiki. Kwamba mimi nafuma mchana na usiku kulipia mashine, na ni mwenye kiburi, sitaki mchango, ukitaka kunisaidia nunua kitambaa na usilitaje. Kwamba wewe ndiye uliyewaambia wote, ukiwa na ile picha.

"Kila Jumatano nimekwenda kwa magoti kwa ajili yake," akasema. "Kutoka mlango wa kanisa mpaka altare. Tangu mwezi wa pili." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa. "Na mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari wa Totoy nikaomba anipime, nione kama figo yangu itamfaa."

Nilimwambia sikujua. Akaniuliza, "Hukujua picha imetoka kwako?" Nikasema nilijua hilo. Alikataa kulala. Alirudi jioni ile ile, na sanduku la dawa aliliacha kwa daktari wa kituo cha afya.

Sasa wewe niambie. Sitaki maneno mazuri. Ulimtia mtoto wangu ugonjwa mdomoni mwako, wewe uliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Niambie kwa nini.

Ludivina


Quezon City
3 Oktoba 1994

Mare wangu,

Ndiyo. Nilisema. Sitakuzungusha.

Lakini nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani. Nilianza kwa ukweli mtupu. Nilikwenda kwa Ester na vipande vyako vya mfano. Akavishika, akasema vizuri, akaniuliza kama nimeonja keki. Nikaenda kwa Lourdes, ikawa hivyo hivyo. Kitambaa kizuri kimejaa Manila, Mare, na cha mashine ni nusu ya bei yako. Nilirudi nyumbani na kifurushi chako kwapani, nikawaza wale wanawake wako watatu. Kwa Puring ikanitoka tu. Nilianza kumweleza jinsi ulivyo na shida, nikaona macho yake yanazunguka, nikasema mtoto anaumwa. Akaniuliza anaumwa nini. Nikasema figo. Basi, likishatoka utalirudisha vipi?

Wenyewe walitaka kutoa michango. Nilikataa. Sijashika hata senti ya mtu kwa jina la Ednalyn. Niliwaambia nunueni kitambaa, na kitambaa walikipata, kizuri, cha haki. Nani aliyeibiwa? Wewe umepata mitambo minane. Wao wamepata mapazia, na juu yake furaha ya kutenda wema, ambayo Ester hajawahi kuionja bure maishani mwake. Mtu hanunui kitu, Mare, ananunua sababu. Mimi niliwapa sababu.

Sasa tufanye hivi. Puring nitamwendea mimi. Hao wengine waandikie kwamba amepona. Madaktari wameshangaa, figo zimerudi, ni sala zao. Hakuna atakayekasirika. Watu wanapenda muujiza, na kila mmoja ataona ni wake. Wataendelea kununua ili kushukuru. Barua nitakuandikia mimi, wewe uweke sahihi tu.

Fikiria wafumaji wako kabla ya kunijibu. Ukisema kweli, hasara haitanipata mimi. Itawapata hao.

Ninakupenda kama dada. Kila nilichofanya nilikifanya kwa ajili yako.

Herminia


Miagao
12 Oktoba 1994

Mpendwa Purificacion,

Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii, kwa hiyo nitaandika kifupi.

Mtoto wangu ni mzima. Hajawahi kuugua figo. Mwaka jana alipata kidingapopo, na picha uliyoiona ilipigwa alipotoka hospitali. Niliituma kwa mama yake wa ubatizo kwa sababu aliiomba. Sikujua amekwenda kuifanyia nini. Najua huna sababu ya kuniamini. Rozari, maziwa, maneno yako nyuma ya risiti, vyote nilivipokea nikifurahi. Ningeuliza mara moja tu, "Kwa nini?", ningejua. Nilipenda kuamini kwamba mnanikumbuka.

Nimeshauriwa niseme amepona. Nilikaa na shauri hilo siku mbili, sitakuficha, maana nina wanawake wanane na watoto wao. Kisha Ednalyn akaniuliza iwapo atatakiwa kujifanya mgonjwa akikutana nawe tena. Leo nimewaandikia wote, mmoja mmoja, kwa mkono wangu. Nimewaambia kama ninavyokuambia wewe.

Oda yako ya mwisho iko tayari. Sitaituma mpaka uniambie. Ukiniambia niikate iwe vitambaa vya jikoni nitaikata.

Kuhusu ulivyokwenda kwa daktari, sijapata neno la kuandika. Nisamehe kwa kuliacha wazi.

Ludivina Nufable


Malate, Manila
9 Novemba 1994

Ludivina,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia wewe barua inayomhusu mwingine.

Nakuamini. Ulinijibu mwezi wa saba kwamba mtoto anakula dagaa kila asubuhi. Mtu anayeficha jambo asingeandika hivyo. Nilidhani umekata tamaa, unamwachia ale anachotaka, nikalia sana. Hilo ndilo lililonifanya nije.

Herminia amekuja kwangu. Aliniambia kwamba ilimtoka mdomoni alipokuwa akijaribu kukuuzia kitambaa, kwa huruma yake kwako. Nadhani amekuambia hivyo nawe. Inabidi ujue haikuwa hivyo.

Mara ya kwanza kunisimulia habari za binti yako ilikuwa Novemba mwaka jana, siku ya kuwakumbuka marehemu, tukiwa makaburini kwa Totoy. Alikuja na maua. Akaniambia ana mtoto wa ubatizo huko kwenu, figo zinakufa, na wazazi wake hawakuwahi kumkatia bima, sasa wanauza mpaka mlango. Akaniuliza wafanyakazi wangu wana bima gani. Niliwakatia wote kabla ya Krismasi. Nimeulizana na wenzetu. Ester alisimuliwa Desemba, akakatia familia yake yote. Lourdes naye vivyo hivyo, kabla ya mwaka mpya. Wewe wakati huo ulikuwa bado unamuuzia mzee wako wa Iloilo.

Kwa hiyo barua yako ya kuomba wateja ilimkuta ana hadithi tayari. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kuonekana. Kitambaa chako kilipokuja, tuliona ni kweli, huyu mama yupo, hizi ndizo kazi za mikono yake. Mimi baada ya hapo nilimpelekea wateja wengine watano wa bima.

Na ugonjwa aliuchagua, ule ule wa figo uliomuua Totoy. Hakuropoka. Aliongoza rozari kwenye msiba wa Totoy usiku wote tisa. Alikuwa chumbani nilipokuwa nikihesabu vidonge. Alijua ni neno lipi nikilisikia sitauliza la pili.

Kitambaa usikikate, lakini usikitume kwangu. Mapazia yako nimeyashusha. Ni mazuri, hayana kosa, ila kila asubuhi nikiyafungua najiona nilivyokuwa nikitambaa kanisani na wanawake wananipisha njia. Labda nitayarudisha. Sijui.

Kuna jambo nitakuambia ingawa ni la kipuuzi. Jumatano bado naenda. Nafika mlangoni, napiga magoti, halafu nakumbuka kwamba mtoto hana shida yoyote. Nakaa pale. Sijajua nimwombee nani.

Purificacion


Miagao
14 Desemba 1994

Herminia,

Barua zako tatu nimezipata. Sikuzijibu kwa sababu kila moja ilieleza upya jambo lile lile, na kila mara kwa namna nyingine.

Puring ameniambia habari za makaburini. Sasa sikuulizi kama ni kweli. Nilirudia kusoma barua yako ya Februari, pale unapoomba picha, na nikaona jinsi nilivyocheka siku ile. Nilisema, huyu Herminia ana mapenzi. Niliizungushia ile picha karatasi laini isipate mikunjo.

Ningeweza kukusamehe kama ungedanganya kwa ajili yangu. Nilikwisha kuanza, na sikuwa nimemwambia Islaw. Nilikuwa najiambia, amekosea njia lakini alikuwa anakuja kwangu. Kumbe hukuwa unakuja kwangu. Ulikuwa umeshapita kabla sijakuita.

Unataka kujua hali ya biashara. Wateja wengi wamekwenda. Ester haamini kwamba sikujua, na amewaambia wenzetu kuwa tulipanga pamoja, kwamba wanawake wa Miagao tuna akili ya kimya kimya. Siwezi kumlaumu. Picha ilitoka kwangu, na maziwa tulikunywa. Lourdes ameandika mstari mmoja: "Mapazia ni mapazia, nitumie mengine ya kijani." Nilimpenda siku hiyo kuliko mtu yeyote duniani. Ana rafiki zake wawili watatu, nao wamebaki. Islaw amevunja mitambo minne, mbao amezirudisha kwa mjomba. Nelda, yule binti wa jirani aliyekuwa akinifumia, anakwenda Hong Kong mwezi ujao kulea watoto wa watu. Alikuja kuniaga, akasema hanilaumu, na nilipomtazama nikaona ananilaumu. Hilo ulilitabiri, nakupa haki yako.

Wale wanaonunua sasa nawaandikia mwenyewe. Nawauliza habari za watoto, kama ulivyonifundisha. Inanichukua muda, maana nikimaliza kila swali najiuliza kama nimeuliza kwa kutaka kujua au kwa kutaka kuuza. Zamani nilikuwa nauliza tu.

Nasikia na wewe watu wa bima wanakukimbia. Sikuwaandikia ili wakukimbie.

Unaniuliza kama sisi bado ni mare. Nimekwenda kumuuliza padre. Anasema ubatizo haufutiki, wewe ni mama wa Ednalyn mpaka kufa, apende asipende, na kwa hiyo mimi nawe ni vile vile. Basi ndivyo tulivyo. Lakini usiniandikie tena.

Baada ya Krismasi Ednalyn anakuja Manila na kikundi cha kanisa, kucheza ngoma. Amesema atapita kwako akupe heshima, achukue mkono wako auguse kwenye paji la uso wake, kama mtoto yeyote kwa mama yake wa ubatizo. Sikumtuma na sikumkataza. Aliniuliza ajibu nini ukimuuliza hali yake. Nimemwambia aseme ni mzima, na aseme kwa sauti, asubiri kwanza wageni wako wawe wamekaa.

Ludivina